Asubuhi Niliyoipoteza: Miaka Mitatu ya Kufunga Choo

Tabibu aliniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza tangu utoto wangu: mara ya mwisho kupata choo ilikuwa lini? Nikamjibu kwamba ilikuwa juzi. Haikuwa juzi. Ile ilikuwa siku ya sita, nami nilidanganya huku nimeegemea paja moja kwenye kiti kwa kuwa maumivu hayakuniruhusu kukaa sawasawa.

Nilikuwa nimekwenda katika kituo kile cha afya kwa sababu ya damu. Niliiona mara ya kwanza wiki mbili kabla, damu nyekundu iliyong'aa, na tangu hapo nilikuwa nimejihakikishia kwamba nina bawasiri na kwamba mwisho wake ni upasuaji. Baada ya kunipima, tabibu akaniambia kuwa si bawasiri bali ni mpasuko, yaani ngozi ya njia ya haja kubwa imechanika kwa kupitisha choo kigumu, na kwamba dawa ya kupaka itaishia kutuliza maumivu tu, bila kuuponya, ikiwa choo chenyewe hakitalainika. Kisha akauliza tena lile swali lake, kwa sauti ileile ya utulivu, na safari hii nikamwambia ukweli wote: siku tano, siku sita, wakati mwingine wiki, vipande vidogo vikavu kama vya mbuzi, na hali hiyo ilikuwa imedumu kwa takriban miaka mitatu.

Ninaandika haya kwa sababu katika miaka hiyo mitatu sikumwambia mtu yeyote, na ninaamini wako wengi wanaoteseka kimya kama nilivyoteseka mimi. Tunazungumza kuhusu presha na kisukari hadharani, lakini mtu mzima akikosa choo kwa wiki nzima huficha kana kwamba ametenda kosa.

Nianze na kilichoniletea shida hiyo, maana kilianza mbali na chakula. Nilihamia Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, nilipopata nafasi ya kujenga, huku kazi yangu ikibaki mjini, Posta. Ili nifike kazini kwa wakati nililazimika kuamka saa kumi usiku, kuoga, kuvaa, na kuwa kituoni kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Sikunywa chai nyumbani. Sikunywa hata maji, kwa kuwa ndani ya daladala hakuna pa kujisaidia na foleni inaweza kumshikilia mtu zaidi ya saa mbili. Nikifika mjini nilinunua chapati mbili na chai ya rangi, mchana nilikula wali na mchuzi, na usiku, nikiwa nimechoka, mara nyingi nilinunua chipsi njiani. Ofisini choo kilikuwa kimoja kwa wafanyakazi wengi, ukuta wake ukiwa mwembamba kiasi cha mtu aliye nje kusikia kila kitu, na kwa hiyo haja iliponijia nilijizuia. Nilijizuia kila siku, hadi ikawa haiji tena.

Mambo haya mawili, kukosa asubuhi na kujizuia, ndiyo niliyochelewa kuliko yote kuyaelewa. Utumbo mpana haufanyi kazi kwa kasi moja mchana kutwa. Mara chache kwa siku hupita wimbi kubwa la misuli linalosukuma mabaki ya chakula kuelekea kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, na mawimbi hayo huwa na nguvu zaidi mtu anapoamka na tena anapotia chakula au kinywaji tumboni baada ya usiku mzima wa njaa. Tumbo likipokea chai ya asubuhi, utumbo mpana hupata taarifa na kuanza kujongea. Mtu aliye nyumbani, karibu na choo, mwenye nafasi ya kukaa dakika kumi, hulipokea wimbi hilo bila hata kulifikiria. Mimi wimbi langu lilinikuta Gongo la Mboto, nimesimama ndani ya gari nikiwa nimeshika bomba.

Haja isipoitikiwa hupoa. Choo hubaki kilipo au hurudi juu kidogo, na kwa kuwa kazi ya utumbo mpana ni kufyonza maji, huendelea kufyonza kutoka katika choo hicho kilichokaa. Kilichoingia humo kikiwa kama uji mwepesi hutoka, baada ya siku kadhaa, kikiwa kigumu kama udongo uliokauka. Puru nayo, ikizoea kujaa na kutanuka, hupunguza kutoa ishara, na hapo mtu huanza kusema kwamba hasikii haja kabisa. Kisha choo hicho kigumu kikipita huumiza, na maumivu humfanya mtu ajizuie zaidi mara nyingine, na mzunguko hujifunga wenyewe.

Katika miaka hiyo nilitibiwa na majani. Sanamaki inauzwa kila mahali, sokoni Kariakoo na kwenye maduka ya dawa za asili, na mara nyingi huwekwa ndani ya chai zinazotangazwa kwa jina la kusafisha tumbo au kupunguza mwili bila kutajwa kwamba ndiyo iliyomo. Sanamaki ni dawa ya kweli. Huichochea misuli ya utumbo isukume, na hospitali zenyewe hutumia dawa iliyotengenezwa kutokana na mmea huo kwa kipimo kinachojulikana. Shida ya chai zile ni kwamba hakuna anayejua kipimo. Nilikunywa kikombe usiku, alfajiri nikaamshwa na msokoto wa tumbo, nikaharisha mara nne au tano, na nikajisikia mwepesi. Siku iliyofuata sikupata choo, wala ya pili, wala ya tatu, nikaona tatizo limerudi na nikanywa tena. Hakuna aliyekuwa amenieleza jambo dogo ambalo tabibu alilieleza kwa dakika moja: utumbo ukimwagwa wote kwa dawa, huhitaji siku kadhaa kujaa tena, na kutopata choo siku hizo mbili tatu ni jambo la kawaida kabisa. Nilikuwa ninatibu utupu.

Alinieleza pia kwamba si lazima mtu apate choo kila siku. Kwa watu wazima wenye afya, kiwango cha kawaida ni kati ya mara tatu kwa siku na mara tatu kwa wiki. Kinachoashiria kufunga choo ni kwenda chini ya hapo, au kupata choo kigumu, au kujikaza kwa nguvu nyingi, au kuinuka ukihisi kwamba haikuisha. Sisi tulionyweshwa mafuta ya nyonyo wakati wa likizo tulikua na imani kwamba tumbo ni chombo cha kusuguliwa mara kwa mara, na imani hiyo ndiyo inayowanufaisha wauzaji wa chai leo. Utumbo hauna uchafu uliogandama kutani unaosubiri kukwanguliwa. Ngozi yake ya ndani hujibadilisha yenyewe kila baada ya siku chache.

Nilipotoka pale nilianza kusoma, na nikakutana na jina ambalo linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyojua. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na baadaye katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Madaktari wanamkumbuka kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958, ambayo bado inaitwa kwa jina lake. Lakini aliporudi Uingereza miaka ya sitini, swali lililomshika lilikuwa jingine: kwa nini wodi za huko zilijaa magonjwa ya utumbo ambayo hakuyaona ila kwa nadra miongoni mwa wanavijiji wa Uganda? Mwaka 1972, yeye na wenzake Alec Walker na Neil Painter walichapisha vipimo vyao. Watu walimeza vipande vidogo vinavyoonekana kwenye picha ya eksirei, na choo chao kikakusanywa na kupimwa. Kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilichukua takriban saa 36 kupita mwilini, na uzito wa choo chao ulikuwa kama gramu 470 kwa siku. Kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza na wake zao, chakula kilichukua takriban saa 83, na choo kilikuwa kama gramu 104.

Nilizisoma namba hizo mara nyingi. Baadaye wataalamu wengine walimkosoa Burkitt, na kwa haki, kwa sababu wanavijiji wale walitofautiana na mabaharia kwa mengi zaidi ya nyuzinyuzi za chakula. Walitembea zaidi, walifanya kazi za mikono, waliishi tofauti. Hata hivyo kiini cha alichokiona kimesimama hadi leo: nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wetu wa lishe huziita pia makapi-mlo, hushika maji ndani ya choo, huongeza ujazo wake, na huwalisha bakteria wa utumbo mpana, ambao wenyewe ni sehemu kubwa ya uzito wa choo. Inanisikitisha kwamba somo hili lililopatikana kutokana na miili ya wakulima wa Uganda lilibadilisha kifungua kinywa cha Ulaya, ilhali sisi tuliendelea kuipa heshima sembe nyeupe na kuiona dona kuwa chakula cha shule ya bweni.

Nyumbani kwa bibi yangu, Muheza, hakukuwa na neno nyuzinyuzi. Kulikuwa na makande ya mahindi na kunde, kisamvu, magimbi, maboga yaliyopikwa na majani yake, na machungwa ambayo tuliyamenya na kuyala hadi utando mweupe wa ndani. Na kila asubuhi, kabla hajammiminia mtoto chai ya pili, bibi aliuliza: umekwenda chooni? Nilipofikisha umri wa miaka kumi na miwili swali hilo lilinitia aibu mbele ya binamu zangu wa mjini, nikamwomba asiniulize tena mbele ya watu. Aliendelea kuniuliza, ila kwa kuninong'oneza.

Nilibadilisha chakula kwa pupa, na hilo lilikuwa kosa. Katika wiki ya kwanza nilihama kutoka chapati na chipsi hadi dona, maharage mchana na usiku, na bakuli la matunda, na tumbo langu likajaa gesi kiasi kwamba nilishindwa kufunga sketi. Nilikaribia kuacha. Bakteria wa utumbo huhitaji muda kuzoea mlo mpya, na ni heri kuongeza kitu kimoja kwa wiki moja, kisha kingine, katika muda wa mwezi mzima. Maharage nilianza kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yake kabla ya kuyapika. Kufanya hivyo hupunguza sehemu ya sukari zinazoleta gesi, na hupunguza pia mkaa wa kupikia.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka katika vyakula vya asili. Gramu mia moja za wali mweupe uliopikwa hazifikishi hata gramu moja. Kiasi kama hicho cha maharage yaliyopikwa kina takriban gramu sita, parachichi gramu sita hadi saba, na mapera gramu tano. Papai, ambalo kila mtu hulitaja kwanza, lina chini ya gramu mbili; linasaidia, nami ninalila, lakini mtu anayekula kipande cha papai juu ya sahani ya wali na kungoja muujiza anaweza kungoja sana. Pasheni ikiliwa na mbegu zake ina nyuzinyuzi nyingi kuliko matunda karibu yote ya sokoni, na tunapoichuja kupata juisi tunabakiza maji na sukari na kuvitupa vile tulivyovihitaji. Kikombe cha maharage au kunde, rundo la mchicha au matembele, pera moja na nusu ya parachichi humfikisha mtu kwenye zile gramu 25 bila kununua chochote kutoka dukani.

Kuhusu dona nina neno la tahadhari, kwa kuwa ninaipenda na sitaki kuisifu kwa upofu. Mashine ya kukoboa huondoa pumba na kiini, na pumba hiyo yenye nyuzinyuzi huenda kwa kuku. Ndiyo maana dona ni bora. Lakini sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka zilizohifadhiwa vibaya, nayo hukaa zaidi katika sehemu hizo za nje. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mimi hununua mahindi yaliyokauka vizuri, huyachambua kwa mkono na kuondoa kila punje iliyovunjika, iliyoota ukungu au iliyobadilika rangi, kisha huyapeleka mashineni mwenyewe. Nisipopata mahindi ninayoyaamini, ninakula sembe na kutafuta nyuzinyuzi kwenye kunde na mboga.

Maji ni lazima, ingawa si kwa namna inayosemwa mara nyingi. Mtu anayekunywa maji ya kutosha hatalainisha choo kwa kuongeza lita mbili nyingine. Zitatoka kama mkojo. Lakini anayekunywa glasi mbili kwa siku kama nilivyokuwa mimi, tena katika joto la Dar es Salaam, mwili wake utayatafuta maji popote yalipo, na utumbo mpana ni mojawapo ya mahali hapo. Na anayeongeza nyuzinyuzi bila maji anaweza kujiongezea shida. Hili linawahusu hasa wanaotumia isabgol, yaani maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi yanayouzwa kwenye maduka ya Wahindi: ni dawa nzuri na nyepesi, lakini kila kijiko kinahitaji glasi kamili ya maji papo hapo, kwa sababu huvimba na inaweza kukwama kooni ikimezwa kavu.

Chakula kilinisaidia, lakini nusu tu. Nusu ya pili ilikuja niliporudisha asubuhi. Nilizungumza na msimamizi wangu kazini, bila kumweleza sababu, na akakubali niingie saa moja baadaye na kutoka saa moja baadaye. Sasa ninaamka saa kumi na moja, ninakunywa maji ya uvuguvugu na chai, ninakula kiazi kitamu au uji wa ulezi, halafu, iwe haja imekuja au haijaja, ninakwenda chooni na kukaa dakika kumi bila simu na bila kujikaza. Wiki tatu za kwanza mara nyingi niliinuka bila kitu. Wiki ya nne mwili ulianza kukumbuka.

Jambo jingine lilikuwa mkao. Nyumba yangu mpya ina choo cha kukaa, nami nilikuwa nimejivunia hilo. Lakini kuna msuli unaoizunguka puru kama kitanzi na kuivuta mbele, na ndio unaotusaidia kuzuia haja. Mtu akiketi kama kwenye kiti msuli huo hulegea kwa sehemu tu, na akichuchumaa hulegea zaidi na njia hunyooka. Sikubomoa choo. Nilimwomba fundi seremala anitengenezee kigoda cha kimo cha sentimita ishirini, ninakiwekea miguu, magoti yakapanda juu ya nyonga, na ninainama mbele kidogo huku viwiko viko mapajani. Tofauti niliiona siku ya kwanza.

Wengine sababu yao si mlo wala mkao, na kuwaambia wale mboga zaidi ni kuwaonea. Mdogo wangu alipokuwa mjamzito alifunga choo tangu alipoanza vidonge vya kuongeza damu, na kwa kuwa hakuambiwa kwamba madini ya chuma hufanya hivyo, na kwamba homoni za ujauzito nazo hupunguza mwendo wa utumbo, aliviacha vidonge kimyakimya. Alipoeleza kliniki alipewa dawa ya kulainisha choo iliyo salama kwa mjamzito na akaendelea na vidonge vyake. Dawa kali za maumivu kama tramadoli na kodeini hufunga choo kwa watu wengi. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri na kisukari cha muda mrefu navyo hufunga. Na wapo ambao utumbo wao ni mzito kwa asili, au misuli ya nyonga hukaza pale inapopaswa kulegea. Kwao nyuzinyuzi nyingi huleta kujaa na maumivu tu, na wanahitaji daktari.

Watoto ndio wanaonihuzunisha zaidi. Mtoto aliyeumizwa na choo kigumu mara moja huogopa, hubana miguu, hujificha nyuma ya kochi, na choo hukusanyika hadi puru yake inatanuka na kupoteza hisia. Kisha choo chepesi hupenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo bila yeye kujua. Mzazi huona kuharisha, au huona uchafu na ukaidi, na mtoto huchapwa kwa ugonjwa. Mtoto mkubwa anayejichafua mara kwa mara apelekwe kwa daktari, na kabla ya hapo asichapwe.

Na kuna dalili ambazo hazingoji kunde wala kigoda: damu inayoendelea au iliyochanganyika na choo, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, mabadiliko ya choo yanayomwanza mtu akiwa na umri wa miaka hamsini na kuendelea, au ndugu wa karibu aliyewahi kuwa na saratani ya utumbo. Tumbo likivimba na kuuma, mtu akatapika na asitoe hata gesi, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Damu yangu ilitoka kwenye mpasuko, lakini nilisubiri wiki mbili bila kujua hivyo, na sikupaswa kusubiri.

Mpasuko wenyewe ulipona baada ya wiki saba, kwa dawa ya kupaka, kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu jioni, na choo kilicholainika. Mwanangu ana miaka sita sasa, na kigoda kile tunakitumia sote wawili. Asubuhi, kabla sijamwongezea uji, ninamuuliza swali la bibi. Ananijibu kwa sauti, mbele ya yeyote aliyepo, na mimi simwambii anyamaze.